Elimu Bila Ada na Gharama Isiyotajwa

Katika vitabu tunavyovitumia vyuoni, sera ya umma huzaliwa kwa utaratibu unaopendeza. Tatizo hutambuliwa, huingizwa katika ajenda ya Serikali, njia mbadala hupimwa, uamuzi hufanywa, utekelezaji hufuata, na mwishoni tathmini huonyesha kilichofanikiwa na kilichokwama. Mgawanyo huu wa hatua tumeurithi kwa Harold Lasswell, mwanazuoni wa Kimarekani aliyeandika juu yake katika miaka ya 1950, na mimi nimeufundisha kwa zaidi ya miaka 12. Siubezi. Humsaidia mwanafunzi kupanga mawazo yake kama ramani inavyomsaidia mgeni wa mji. Ila mwenyeji wa mji hujua kwamba ramani haionyeshi mashimo ya barabarani, wala haisemi ni nyumba zipi maji hayafiki.

Ndugu msomaji, leo napenda tuitazame sera moja ambayo nimeijua kwa njia tatu: kama mwanafunzi wa shule ya msingi ya kijijini, kama mhadhiri anayeichambua darasani, na kama mdogo wa mwalimu mkuu aliyevuliwa madaraka kwa sababu yake. Ni sera ya elimu bila ada. Sitaki kuipinga. Nilianza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, mkoani Singida, wakati wazazi walikuwa wakidaiwa kile kilichoitwa ada ya UPE. Namkumbuka marehemu baba akihesabu watoto wake waliofikia umri wa shule, kisha akihesabu mbuzi. Nawakumbuka wenzangu waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, wengine wakarudi baada ya mavuno na wengine wasirudi tena. Mtu aliyeona hayo hawezi kuketi leo katika ofisi yenye kiyoyozi na kuandika kwamba ada ni kitu chema. Ninachotaka kuuliza ni jambo jingine: Serikali inapotangaza kwamba kitu hakilipiwi, bei yake huenda wapi?

Nchi yetu imefungua milango ya shule za msingi kwa kishindo mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974. Lengo la kuwafikisha watoto wote shuleni lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. TANU ikalivuta nyuma kwa miaka 12, hadi 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu kwa njia ya mkato, wakisoma na kufundisha papo hapo vijijini. Watu wakawapachika jina la walimu wa UPE, na jina hilo halikuwa la sifa. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika. Alikuwa na daftari moja la maandalio alilolitumia mwaka hadi mwaka, na chaki alizozivunja vipande vitatu ili zifike mwisho wa muhula. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu watoto wote wa rika la shule walikuwa wameandikishwa. Kwa nchi maskini iliyokuwa na umri wa miaka 20 tu tangu uhuru, hilo lilikuwa jambo kubwa, na waliolibeba mabegani ni vijana hao waliochekwa.

Kisha fedha zikaisha. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta, kuporomoka kwa bei za mazao yetu na udhaifu wa mashirika yetu wenyewe vilikutana katika kipindi kimoja. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na msamiati mpya ukaingia nchini: kuchangia gharama. Hospitali, maji, shule, vyote vikawa na mchango wake. Katika miaka ya 1990 uandikishaji ulishuka. Hakuna azimio lililopitishwa kusema kwamba sasa watoto wa maskini wabaki nyumbani. Ilitokea tu, familia moja baada ya nyingine, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Hili ni fundisho la kwanza kuhusu sera ambalo ramani ya Lasswell haina nafasi yake: baadhi ya sera kubwa kabisa katika maisha ya watu hazijawahi kutangazwa.

Mara ya pili ilikuwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya kusamehewa sehemu ya madeni yake mwishoni mwa mwaka 2001, Benki ya Dunia ilikopesha, wahisani walichangia, na ada ya shule ya msingi ikafutwa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Katika mpango huo uliwekwa utaratibu wa ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi, kiasi cha dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo kwa wakati ule zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Naomba msomaji aikumbuke shilingi hiyo 10,000, kwa maana tutakutana nayo tena.

Watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2002, kwa mwendo wa kawaida, walimaliza darasa la saba mwaka 2008 na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Katikati ya safari yao walikutana na upanuzi mwingine, ule wa sekondari za kata, uliojenga shule haraka kuliko ulivyopata walimu. Waliopelekwa kuwafundisha baada ya mafunzo ya wiki chache nao walipachikwa jina, vodafasta, kwa mfano wa vocha ya simu inayoingia mara moja. Matokeo ya awali ya mtihani ule wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Iliundwa tume ya Waziri Mkuu, matokeo yakapangwa upya, makala zikaandikwa. Katika mjadala ule wote ni wachache waliohesabu vidole na kuona kwamba waliokuwa wakianguka ni watoto wa kwanza wa MMEM, wale wale ambao miaka 11 kabla tulishangilia kuandikishwa kwao.

Sisemi kwamba kufuta ada ndiko kulikowafelisha. Ubovu wa matokeo yale ulikuwa na sababu nyingi, pamoja na lugha ya kufundishia na namna mtihani wenyewe ulivyosahihishwa, na takwimu za ufaulu zimepanda sana tangu wakati ule. Ninachosema ni kwamba matokeo ya sera ya elimu hukomaa taratibu kama mkorosho. Aliyepanda huwa ameshahama shamba wakati wa kuvuna, na anayelaumiwa kwa korosho mbovu ni yule aliyekutwa chini ya mti.

Mara ya tatu ndiyo ya kizazi chetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikuwa imekwisha kutamka elimumsingi ya lazima ya miaka 10 isiyo na ada. Lakini tuseme ukweli: kilichoiondoa kabatini ni uchaguzi wa mwaka 2015. Edward Lowassa, mgombea wa UKAWA, alisimama majukwaani akitaja kipaumbele chake mara tatu, elimu, elimu, elimu. Chama cha Mapinduzi nacho kikaahidi katika ilani yake elimu bila ada hadi kidato cha nne. Ushindani ukalizaa jambo ambalo warsha na semina zilikuwa zimeshindwa kulizaa. Wanafunzi wangu wengi hudhani siasa ni uchafu unaoichafua sera. Mimi huwaambia waitazame mwaka 2015 kwa makini. Bila kura, sera ile ingeendelea kulala.

Hata hivyo, siasa ina saa yake, na saa hiyo huenda mbio kuliko ya darasani. Rais Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Kabla mwezi huo haujaisha, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukatoka kuelekeza kwamba elimu bila malipo ianze, na Januari 2016 shule zikafunguliwa chini ya utaratibu mpya. Ilikuwa muda wa wiki chache tu, na likizo ya Desemba ikiwa ndani yake. Wazazi waliitika kwa wingi kuliko vyumba vilivyokuwapo. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa takribani milioni 8.3 mwaka 2015, ilivuka milioni 10 mwaka 2018. Mwezi Aprili 2016 Bunge lilikabidhi shilingi bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi yake ili zinunue madawati, na nchi nzima ikaingia katika kampeni ya madawati. Kampeni ilikuwa njema. Ila dawati linalotafutwa mwezi Aprili kwa ajili ya mtoto aliyeandikishwa Januari ni ushahidi wa hesabu ambayo haikupigwa mwezi Novemba.

Sasa tuirudie ile shilingi 10,000. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi chini ya elimu bila malipo iliendelea kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiasi kilichokuwa sawa na dola 10 mwanzoni mwa MMEM kilikuwa hakifiki dola 5 mwaka 2016, wakati bei ya karatasi, chaki, saruji na bati imepanda. Tena si yote inayofika shuleni. Shilingi 4,000 hubakizwa kwa ajili ya ununuzi wa vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Gawanya 6,000 kwa miezi 12. Jibu ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa fedha hiyo shule inatakiwa ipate chaki, kalamu za walimu, karatasi za mitihani ya ndani, ukarabati, michezo na uendeshaji wa ofisi. Hapo ndipo ilipo sera yenyewe. Yaliyoandikwa katika kitabu cha sera ni nia. Shilingi 500 ndiyo sera.

Lazima niitendee haki Serikali katika jambo moja. Tangu mwaka 2016 fedha hizo hutumwa na Hazina moja kwa moja katika akaunti ya shule, na kwa utaratibu unaotabirika kuliko zamani, ambapo ruzuku ilikuwa ikipotelea njiani katika ngazi ya halmashauri au kuchelewa hadi kusahaulika. Walimu wakuu nao waliwekewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Hayo ni marekebisho ya kweli, na mchambuzi anayeona makosa tu ni mchambuzi mvivu.

Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa walimu wakuu hao. Shule yake, katika wilaya ambayo sitaitaja, ilikuwa na wanafunzi 780 mwaka 2015. Miaka miwili baadaye walikuwa 1,140, katika vyumba 8 vya madarasa, na walimu wakiwa 14, yeye akiwamo. Kwa hesabu ya shilingi 500, alipokea takribani shilingi 570,000 kwa mwezi. Alikuwa akinitumia matumizi yake kwa simu, nusu kwa utani na nusu kwa kilio, akiniita Daktari kwa ile sauti ambayo dada humwitia mdogo wake aliyesoma kupita kiasi. Chaki kiasi gani, karatasi kiasi gani, kufuli la ofisi lililovunjwa kiasi gani. Jambo ambalo ruzuku haikuligusa kabisa ni chakula. Watoto walitembea hadi kilomita 6 wakiwa hawajala, na kufikia saa tano asubuhi darasa zima lilikuwa limelala juu ya madaftari.

Mwaka 2017 mkutano mkuu wa kijiji uliketi. Wanakijiji wenyewe, chini ya mwenyekiti wao na mbele ya kamati ya shule, waliamua kila kaya yenye mtoto shuleni itoe debe moja la mahindi baada ya mavuno na shilingi 1,000 kwa mwezi ya kumlipa mpishi na mlinzi. Muhtasari uliandikwa na kutiwa saini. Kaya za wajane na wazee zilisamehewa kwa kutajwa majina. Nimeusoma muhtasari huo. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona hati ya sera iliyoandaliwa vizuri zaidi: tatizo limetajwa, gharama imetajwa, mlipaji ametajwa, asiyeweza kulipa ametajwa. Uji ukaanza kupikwa. Utoro, kwa kumbukumbu za madaftari yake ya mahudhurio, ukapungua.

Januari 2018 likatoka agizo la Rais kupiga marufuku michango shuleni. Lilikuwa na sababu zake. Katika shule nyingi, hasa za mijini, michango ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, ikiwa na majina 20 tofauti, na watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kama sisi tulivyorudishwa. Ufafanuzi ulifuata kwamba mwenye kutaka kuchangia kwa hiari yake apeleke mchango kwa mkurugenzi wa halmashauri, walimu wasiuguse. Kwa mtu aliye Dodoma au Dar es Salaam utaratibu huo unaeleweka. Kwa mkulima mwenye debe la mahindi, aliye kilomita 70 kutoka makao makuu ya wilaya, ulikuwa na maana moja tu: usichangie.

Dada aliacha mara moja kupokea ile shilingi 1,000. Mahindi yalikuwa yamekwisha kukusanywa na yako ghalani, naye akaona ni dhambi kuyaacha yaliwe na panya wakati watoto wana njaa. Uji ukaendelea kwa wiki tatu. Kisha mzazi mmoja, ambaye kaya yake ilikuwa bado inadaiwa debe, alipiga simu kwa kiongozi fulani. Kiongozi alifika na msafara wa magari matatu, akaitisha mkutano hadharani, akauliza ni nani aliyepinga agizo, na kabla mwenyekiti wa kijiji hajamaliza kuusoma muhtasari, akatamka kwamba mwalimu mkuu ameondolewa. Barua ilimfikia dada siku 19 baadaye. Haikutaja kosa la kisheria. Ilitaja ukiukwaji wa maelekezo.

Usiku wa siku ile alinipigia. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Waraka unaniambia jamii ishirikishwe. Mthibiti ubora ananiuliza kwa nini utoro upo. Mkutano wa kijiji umeamua watoto wale. Agizo linasema nisiguse mchango. Hebu niambie, nilitakiwa kumtii nani?"

Nilimsaidia kuandika rufaa. Haijajibiwa hadi leo. Alihamishiwa shule nyingine kuwa mwalimu wa darasa la pili, na husema kwamba kufundisha kusoma ni kazi yenye heshima kuliko ukuu. Namwamini. Lakini pale alipotoka uji ulikoma, na mahindi yaliyosalia yaligawanywa kwa waliotoa.

Swali lake ni la kitaalamu kuliko yeye alivyodhani. Mwaka 1980 mwanazuoni Michael Lipsky aliandika kuhusu askari, walimu na maofisa wa ustawi wa jamii wa Marekani, akadai kwamba watumishi hao wanaokutana na mwananchi ana kwa ana ndio, kwa kweli, watunga sera, kwa kuwa wao ndio wanaoamua kila siku nani apate nini kwa rasilimali isiyotosha. Nadharia hiyo inaeleza vizuri sana ofisi ya mwalimu mkuu wa Kitanzania, isipokuwa kwa jambo moja. Mtumishi wa Lipsky ana uhuru wa kuamua, na walau sheria na chama cha wafanyakazi vinamkinga. Wa kwetu analazimika kuamua lakini hana kinga. Sera yake hutungwa na Wizara ya Elimu, shule yake husimamiwa na TAMISEMI, fedha zake hutoka Hazina, mwajiri wake yuko halmashauri, na mtu yeyote mwenye bendera kwenye gari anaweza kumwondoa kwa tamko. Pakitokea mgongano kati ya wote hao, hausuluhishwi Dodoma. Unashushwa ngazi kwa ngazi hadi unamfikia mtu asiye na wa kumshushia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliye juu, kila agizo ni jepesi.

Miaka michache baadaye Serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi, unaotambua kwamba mtoto mwenye njaa hajifunzi na unaotaka wazazi na jamii wachangie chakula hicho kwa kushirikiana na shule. Niliusoma nikiwa ofisini, mlango nimeufunga. Mambo mengi yaliyomo yanafanana na muhtasari wa kile kijiji. Serikali imefika pale wanakijiji walipokuwa wamefika mapema, na si aibu kwa Serikali kujifunza. Aibu ni kwamba hakuna utaratibu wa kumrudia aliyeadhibiwa kwa kuwa sahihi kabla ya wakati. Tathmini, ile hatua ya mwisho katika duara la vitabuni, kwetu hufanyika kwa kutoa mwongozo mpya, na mwongozo mpya haukumbuki ule uliotangulia.

Kuna athari nyingine ambayo hugusa jamii nzima, nayo huenda kimyakimya. Katika wakati huu huu wa elimu bila ada, watunga sera wenyewe, na sisi wahadhiri tukiwamo, tumewahamishia watoto wetu katika shule za binafsi. Sitamhukumu mzazi yeyote kwa kumtafutia mtoto wake kiti. Lakini tukumbuke kwamba katika shule niliyosoma mimi, mtoto wa mtendaji wa kata aliketi dawati moja na mtoto wa mchunga ng'ombe. Paa lilipovuja, liliwavujia wote wawili, na mtendaji alikuwa na sababu ya kulikumbuka anapolala. Leo aliye na uwezo wa kupiga simu inayosikika hana mtoto chini ya paa lile. Ruzuku inaweza kubaki shilingi 10,000 kwa miaka mingi kwa sababu wanaoumizwa nayo hawaketi katika kikao inapojadiliwa.

Kwa nini niandike haya sasa? Kwa sababu watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2016 hufikia kidato cha nne mwaka 2026 kwa mwendo wa kawaida, na wale wa kidato cha sita watagonga milango yetu ya vyuo mwaka 2029. Ningependa tusisubiri mshtuko mwingine kama wa Februari 2013 ndipo tuulize walilelewaje. Zaidi ya hapo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kuwa miaka 6, na kwa hesabu hiyo darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Januari 2028 vitahitajika viti vya kidato cha kwanza kwa makundi mawili ya rika kwa mpigo. Safari hii hatuwezi kusema tulishtukizwa. Tarehe tunayo, idadi ya watoto tunayo, majina yao yako katika madaftari ya shule.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa kutumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 katika muda wa miezi michache, na Januari 2022 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza waliingia kwa pamoja bila wengine kusubiri vyumba. Mwaka huo huo ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa. Kwa hiyo tatizo letu halijawahi kuwa kukosa uwezo wa kujenga. Tatizo ni kwamba tunahesabu vyumba, kwa sababu chumba huonekana na huzinduliwa, na hatuhesabu shilingi 500, kwa sababu haina utepe wa kukatwa.

Ninapendekeza mambo matatu, nami nayaandika kwa lugha ya kawaida ili yasihitaji semina. Kwanza, kila tamko la sera litolewe pamoja na bei yake: litagharimu kiasi gani, nani atalipa, na kuanzia lini. Ruzuku ya mwanafunzi ipitiwe kila mwaka wa bajeti kulingana na bei za sokoni, kama mishahara ya wabunge inavyopitiwa bila kusahauliwa. Pili, mtumishi wa ngazi ya chini anapokutana na maagizo yanayopingana, awe na mahali pa kuuliza kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi, na asiadhibiwe kabla ya jibu. Tatu, uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji uliofuata taratibu uheshimiwe kuwa ni uamuzi wa Serikali, kwa maana kijiji nacho ni Serikali kwa mujibu wa sheria zetu.

Wapo watakaosema kwamba kudai hesabu ni kuikwamisha nia njema. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini wahenga hawakusema ahadi ni wimbo. Walisema ahadi ni deni. Deni lisilolipwa na aliyeahidi hulipwa na mwingine: na mwalimu wa UPE aliyevunja chaki vipande vitatu, na mtahini wa 2012 aliyeandikiwa sifuri, na mtoto anayesinzia saa tano asubuhi, na mwanamke mmoja anayefundisha darasa la pili huku rufaa yake ikikusanya vumbi katika jalada fulani. Tumezoea kuuliza sera imewafikia watoto wangapi. Tuanze kuuliza pia imelipiwa na nani.